Sura ya Sita: Geukia Upande wa Tana

Ukitoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Meru kwa ndege ndogo, Mlima Kenya hukaa kushoto kwako karibu safari nzima. Mchana hilo halimsumbui mtu. Mlima unaonekana, au yanaonekana mawingu yaliyoufunika, na rubani anajitenga nao. Usiku zinabaki taa tu: za Embu, za Runyenjes, za Chuka, za Nkubu, zimefuatana kwenye barabara moja inayozunguka miguu ya mlima. Kushoto kwa taa hizo ni giza tupu, na ndani ya giza hilo kuna mwamba unaofika mita 5,199. Kulia nako ni giza, ila huko ardhi inateremka. Embu mjini ni kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Siakago iko chini ya hapo, Ishiara chini zaidi, na ukifika Tharaka kando ya Mto Tana umeshuka hadi karibu mita 600.

Macho hayawezi kuzitenganisha pande hizo mbili za giza. Rubani huzitenganisha kwa sababu alizijua kabla hajawasha injini. Katika sura hii nitafuata hoja moja tu: usiku, ukubwa wa hitilafu si kitu kikubwa kama mpangilio wa kazi katika dakika chache za mwanzo, na mpangilio huo hautungwi angani.

Sikio linapodanganya

Hapa tuko kwenye ikweta, ambayo inapita karibu kabisa na Nkubu na mji wa Meru. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini hivi mwanga umekwisha. Aliyechelewa nusu saa Isiolo akisubiri abiria au mafuta amejitoa mchana na kujiingiza usiku, pengine bila kukusudia. Ndiyo maana Kenya hubana sana safari za usiku za kuongozwa na macho: nje ukikosa cha kutazama, ndege huendeshwa kwa vyombo.

Sababu iko ndani ya sikio. Mle mna vimiminika vinavyotuambia tumesimama wima au tumeinama. Ndege ikianza kulala upande mmoja polepole, vimiminika hivyo havishtuki, na rubani huendelea kuamini kwamba yuko sawa. Akija kuinyoosha, sikio humwambia amelala upande wa pili, naye huirudisha kulekule ilikokuwa inaanguka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakawekwa katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, yaani karibu dakika tatu, na ndege zile hazikuwa na kasoro yoyote.

Usidhani ni shida ya wanafunzi. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kamerun, baada tu ya saa sita usiku, ikakaa angani muda usiofika dakika mbili, kisha ikaanguka kwenye kinamasi chenye mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilikuwa inalala upande wa kulia taratibu gizani, huku chombo cha kujiendesha kikidhaniwa kimeshika kazi ilhali hakikuwa kimewashwa. Injini zilikuwa nzima. Kama rubani wa ndege kubwa mpya anaweza kupotea namna hiyo, wa Cessna ya viti vinne juu ya Runyenjes hana budi kuamini sindano za vyombo vyake kuliko mwili wake mwenyewe.

Macho nayo yana kasoro zake. Huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na taa moja kali ya simu ya abiria inatosha kuifuta kazi hiyo yote. Isitoshe, uwezo wa kuona usiku huanza kupungua kwa uchache wa oksijeni kuanzia futi 5,000 hivi, ambacho ndicho kimo cha mji wa Meru wenyewe. Maana yake ni kwamba rubani aliye juu ya mji huo, mzima wa afya na asiyehisi chochote, tayari anaona pungufu.

Kazi tatu, kwa zamu yake

Marubani wote hufundishwa kanuni moja: kwanza irushe ndege, kisha ujue uko wapi, mwisho uongee na watu. Kuisema ni rahisi. Shida ni kwamba hofu huigeuza. Mtu akishtuka hukimbilia redio, maana redioni kuna sauti ya mtu mwingine, na wakati anatafuta maneno pua ya ndege inapanda na mwendo unapungua.

Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kama moshi umejaa au injini imekohoa, ni mabawa sawa na mwendo wa kutosha. Tazama chombo cha upeo, tazama kipima mwendo, halafu vuta pumzi. La pili ni kugeuka kuelekea penye usalama. La tatu ni redio: kwa mwongozaji ambaye tayari unaongea naye, au kwenye masafa ya dharura ya 121.5. Unasema “Mayday” mara tatu, jina la ndege, lililokupata, ulipo, unachokusudia na idadi ya watu. Ukiweka 7700 kwenye transponda, alama yako kwenye rada ya Nairobi inajitenga na nyingine zote, na mwongozaji anajua kwamba huyu ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

Katika njia ya Embu na Meru, lile la pili, yaani kugeuka, lina jibu ambalo unaweza kulikariri. Geukia upande wa Tana. Ukienda Meru ni kulia kwako. Ukirudi Nairobi ni kushoto. Kila kilomita unayokwenda huko, ardhi inashuka chini yako na kukuongezea muda. Zipo tahadhari mbili. Ukishapita Nkubu, mashariki kamili si salama tena, kwani milima ya Nyambene inapanda hadi mita 2,500 hivi. Hapo elekea kusini-mashariki, kuelekea Mitunguu na Tharaka. Na katika Mbeere kipo Kilima cha Kiang'ombe karibu na Siakago, kinachofika mita 1,800 na hakina taa ya kukutambulisha.

Kosa la kugeukia mlimani si la kubuni. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ndogo ya kukodi yenye injini mbili iliondoka Wilson kwenda Samburu ikiwa na Wamarekani 12, wengi wao wa ukoo mmoja wa vizazi vitatu, pamoja na marubani wawili. Haikuwa usiku, ila mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, na kwa rubani wingu zito ni usiku wa mchana. Iligonga Lenana, kilele cha mita 4,985, na hakuna aliyepona. Miaka tisa baadaye, Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za jeshi la Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia ziliangukia mlima huohuo. Julai na Agosti ni miezi ya ukungu na manyunyu kwenye miteremko ya Embu na Meru: upepo wa kusi huleta unyevu, unaupandisha mlimani, nao unageuka wingu hapohapo.

Taa nyekundu juu ya Chuka

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hatua kwa hatua. Saa mbili usiku, ndege ya injini moja inarudi Nairobi kutoka Meru ikiwa na abiria wawili, kimo futi 9,500. Chini ni Chuka. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo nyekundu ya volteji, na sindano ya amita imelalia upande wa kutoa. Alteneta imekufa. Kuanzia sasa kila kinachotumia umeme kinakula betri, na betri ya ndege kama hii, ukiiachia mzigo wote, ihesabie nusu saa tu.

Kutoka Chuka hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 135 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ni dakika 40. Umeme wa dakika 30, safari ya dakika 40. Hapa ndipo wengi hukurupuka na kutafuta pa kutua gizani, nao wanakuwa wameigeuza hitilafu ndogo kuwa msiba kwa mikono yao.

Kwa nini ni ndogo? Kwa sababu injini ya ndege ndogo haitegemei betri. Cheche zake hutoka kwenye magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, na hata ukizima umeme wote injini inaendelea kunguruma. Katika Cessna nyingi za zamani, chombo cha upeo nacho huzungushwa na pampu ya hewa iliyoungwa kwenye injini, hivyo nacho kitabaki hai. Kinachokufa ni taa, redio na flapu.

Kwa hiyo rubani anajaribu swichi ya alteneta mara moja: anaizima, anaiwasha. Isiporudi, haichezei tena. Anawaambia Nairobi papo hapo, wakati sauti bado ina nguvu: ameishiwa alteneta, anakuja moja kwa moja, atazima redio na kuiwasha tena akikaribia, na akinyamaza kabisa wasidhani ameanguka. Halafu anaanza kupunguza. Taa ya kutulia inazimwa, redio ya pili inazimwa, taa za ndani zinazimwa. Transponda anaiacha kwa muda, kwani ndiyo inayowaonyesha alipo. Tochi yenye kioo chekundu anaing'ata mdomoni au anamkabidhi abiria wa mbele aimulike dashibodi, na kumpa mtu kazi kunamtuliza kuliko kumwambia asiogope.

Njia yenyewe inamsaidia. Taa za Embu zinapita kulia, baadaye eneo la mpunga la Mwea ambalo usiku ni doa jeusi, kisha Thika, na kutoka Thika barabara kuu yenye taa inaelekeza Nairobi. Kilima cha Kilimambogo kinabaki kushoto, mbali na mstari wake. Redio ikifa kabla ya kufika, ataweka 7600 kama transponda bado inapumua, na atautazama mnara: taa ya kijani isiyopepesa humaanisha tua, nyekundu isiyopepesa humaanisha zunguka, mwachie mwingine. Flapu hazitashuka, kwa hiyo atatua kwa mwendo mkubwa zaidi na atahitaji njia ndefu. Njia ya Jomo Kenyatta ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Angeamua kushuka kwenye kiwanja kidogo cha Embu bila taa na bila flapu, angekuwa amechagua ugumu wa bure.

Injini ikinyamaza

Hii ndiyo dharura inayoogopwa kuliko zote, nayo mara nyingi ina sababu ya kawaida sana: mafuta hayafiki. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufanya kazi ya urubani wa kukodi Kenya, aliondoka Uingereza tarehe 4 Septemba 1936 kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Usiku, juu ya maji, injini ilizimika ghafla kwa sababu tangi moja lilikuwa limekauka. Mwili wake ulitaka kuvuta usukani ili ndege isishuke. Yeye aliusukuma mbele, akaishusha pua kuelekea bahari ileile aliyoiogopa, ili mwendo usipotee, huku mkono ukitafuta bomba la tangi jingine. Injini iliwaka tena akiwa karibu sana na maji. Asubuhi yake ilizimika mara nyingine, safari hii kwa sababu barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alitoka akiwa hai.

Vitu hivyo viwili, tangi na barafu, vipo pia juu ya Chogoria. Ikweta haizuii barafu ndani ya kabureta, kwani hewa yenye unyevu mwingi ikipita kwenye tundu jembamba hupoa sana hata kama nje kuna joto la kiasi. Injini ikianza kukohoa kwenye unyevunyevu wa Julai, vuta hewa moto ya kabureta, badilisha tangi, sukuma mchanganyiko wa mafuta hadi mwisho, jaribu magneto. Mkono ulioyazoea mambo hayo manne mchana huyapata gizani bila tochi.

Isipowaka, ndege haianguki kama jiwe. Cessna 172 kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa hunyiririka takribani mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Ukiwa mita 1,400 juu ya Chuka una kilomita 12 au 13 hewa ikiwa shwari, na kwa kuwa ardhi ya upande wa Tana inashuka nawe, unapata zaidi kidogo. Katika miezi ya kusi upepo utakuwa usoni na kukupunguzia umbali, ila utakusaidia kugusa chini kwa mwendo mdogo.

Wapi pa kutua? Barabara ya Embu hadi Meru inaonekana kwa taa za magari na inavutia, lakini ina kona, nguzo za umeme na mabonde yenye madaraja. Anayelijua daraja la Nithi na ajali zake hahitaji maelezo. Mashamba ya mpunga ya Mwea yana tope linaloshika magurudumu na kupindua ndege. Mashamba ya chai na kahawa yako kwenye miteremko mikali. Kinachobaki ni nyika ya Mbeere na Tharaka, yenye michongoma na mawe lakini tambarare zaidi na yenye watu wachache. Ukiwa na mbalamwezi, maji ya mabwawa ya Masinga na Kamburu yatang'aa, na taa za vituo vya umeme vya mtoni zitakuonyesha Tana ilipo; jihadhari tu na nyaya kubwa zinazotoka hapo. Funga mafuta, zima umeme ukishamaliza kuutumia, fungua mlango kidogo usije ukajibana, na uiguse ardhi taratibu kadiri ndege inavyokubali, mabawa yakiwa sawa. Mabawa yanaweza kung'oka na watu wakapona. Kinachoua ni kuipoteza ndege ikiwa bado iko juu, kwa kuinua pua na kujaribu kuinyoosha safari.

Kiwanja kisicho na taa

Wakati mwingine dharura iko chini: mgonjwa anasubiri, au rubani ana injini nzima lakini hawezi kufika Nairobi. Viwanja vya Embu, Gaitu na Mulika ndani ya Hifadhi ya Meru, vihesabu kuwa giza mpaka mtu aliyesimama pale akuhakikishie vinginevyo kwa simu. Huduma ya madaktari wa ndege, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na ambayo leo tunaijua kama AMREF, ilikulia kwenye nchi yenye viwanja vya namna hii, na mbinu za kuviangazia zinajulikana. Magari mawili husimama mwanzoni mwa njia, kila moja pembeni, taa zikielekea kule ndege itakakokwenda ili zisimpofushe rubani. Gari la tatu hukaa mwisho wa njia likiwa limewasha taa ndogo tu. Mtu mmoja huifukuza mifugo.

Hata hapo upo mtego. Mahali penye taa chache katikati ya giza pana humfanya rubani ajione yuko juu kuliko alivyo, naye hushuka mapema mno na kugonga miti kabla ya njia. Dawa ni kupita kwanza juu ya kiwanja, kuzunguka karibu nacho, na kushuka kwa hesabu ya kipima kimo, si kwa hisia.

Alamu ishirini na saba

Igembe huchuma miraa, Wilson na Jomo Kenyatta huisafirisha, na majani hayo hayavumilii kuchelewa: yakikauka yamepoteza thamani. Haraka hiyo huanzia Maua kwenye pikapu zinazokimbia barabarani usiku, na huendelea hadi kwenye ndege. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, kukiwa bado giza, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliruka kutoka Jomo Kenyatta kwenda Mogadishu ikiwa imebeba miraa. Muda mfupi baadaye iliangukia jengo huko Utawala, na watu wote wanne waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Kenya waliandika kwamba wafanyakazi wa ndege waliondoka na hitilafu waliyokuwa wakiijua, na hawakukatiza kuruka ingawa walipata tahadhari 27.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga ishirini na saba. Kila mlio ulikuwa nafasi ya kuvuta breki kwenye njia yenye taa, na zimamoto wakiwa karibu. Yote tuliyoyasoma juu ya Chuka na Mbeere ni kazi ya kuokoa kilichobaki baada ya nafasi kama hizo kupita.

Kwa hiyo maamuzi yanayomwokoa rubani wa usiku katika nchi ya Embu na Meru huandikwa kwenye karatasi kukiwa bado na mwanga: kimo ambacho hatashuka chini yake, upande atakaogeukia kila hatua ya njia, na saa ambayo ikipita kabla hajaondoka, haondoki. Uamuzi huo wa mwisho ndio mgumu, maana hapo hupambani na mashine, unapambana na mwenye mzigo, na mheshimiwa anayetaka kufika mkutanoni, na jamaa anayesema “twende tu, si mbali.” Jibu lake ni chumba cha kulala Meru au Embu kwa usiku mmoja. Katika sura nzima hii, ndiyo hatua pekee isiyohitaji ustadi wowote, na kila rubani anaweza kuichukua kila jioni.